Onyo Lisilopata Mwenyewe: Mashambulio ya Agosti 1998

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, malori mawili yaliyosheheni mabomu yalilipuka kwa kupishana dakika chache, moja kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, jingine kwenye ubalozi wa nchi hiyo mjini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na miongoni mwao Wamarekani walikuwa 12 tu. Dar es Salaam walikufa 11, wala hapakuwamo Mmarekani hata mmoja.

Hatia ya Al-Qaeda haina mjadala. Linalobaki kwa mwanahistoria ni kuuliza serikali ilijua nini kabla ya siku hiyo, na ilikitumiaje ilichokijua.

Ilijua si haba. Agosti 1997 polisi wa Kenya na wapelelezi wa Marekani waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage mjini Nairobi, mtu aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden. Katika kompyuta iliyochukuliwa humo ilikutwa barua iliyotaja kikundi cha siri cha Afrika Mashariki. Novemba mwaka huohuo Mmisri mmoja aliingia ubalozini kwa hiari yake, akaeleza njama ya kuulipua kwa gari. Maneno yake yalitiliwa shaka, naye akafukuzwa nchini.

Jengo lenyewe lilikuwa onyo. Tangu 1985 tume ya Admirali Inman, iliyoundwa baada ya milipuko ya Beirut, ilishauri balozi zisimame mita 30 hivi kutoka barabarani. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye njia panda ya Moi na Haile Selassie, penye msongamano mkubwa wa watu. Balozi Prudence Bushnell aliandika Washington mara kwa mara kuomba jengo jipya, hata akamwandikia Waziri Madeleine Albright mwenyewe. Jenerali Anthony Zinni alijitolea kuleta wataalamu wa ulinzi; Wizara ya Mambo ya Nje ikakataa. Fedha hazikutosha, na hatari ya Nairobi ilikuwa imepewa daraja la kati. Daraja hilo, mtu aweza kusema, lilipima zaidi hazina kuliko hatari.

Basi mzigo wote ulimwangukia mlinzi Mkenya, asiye na silaha, kwenye kizuizi cha nyuma. Alikataa kukifungua. Akatupiwa guruneti la kishindo. Alipojaribu kuwaita askari wa ndani, hakuwapata. Kishindo kile kiliwavuta watu madirishani, katika ofisi za jirani pia, na bomu lilipolipuka vioo viliwapasua nyuso na macho. Jumba la Ufundi, lililokuwa ubavuni, liliporomoka. Kumbe mlinzi huyo, pasipo kufundishwa hatari ya bomu, ndiye aliyelizuia lori lisiingie chini ya ubalozi.

Januari 1999 tume ya Admirali William Crowe ilitamka kwamba serikali kwa jumla, kwa muda wa miaka kumi, ilishindwa kuzilinda balozi zake, lakini hakuna mtumishi hata mmoja aliyevunja wajibu wake. Kosa likawa la wote, kwa hiyo halikuwa la mtu. Serikali ya Kenya nayo, ambayo polisi wake walikuwamo katika upekuzi wa 1997, haikuundiwa hesabu ya namna hiyo.

Mwaka 2020 Sudan, iliyowahi kumhifadhi bin Laden, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya mashambulio hayo na mengine. Waliokusudiwa ni raia wa Marekani na wafanyakazi wa balozi. Wapita njia wa Moi Avenue na makarani wa Jumba la Ufundi hawakuwamo.