Boma la Jamaa katika Nchi ya Bisil

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Namanga, utapita Kitengela, na Isinya, na Kajiado, ndipo ufike Bisil, mji wenye soko la mifugo katika nchi ya Wamaasai wa Matapato. Nakuomba, msomaji, uuache mji huo nyuma yako, tuingie mbugani tukatazame jinsi jamaa walivyokaa pamoja kabla ardhi haijapimwa.

Mgeni alipoliona boma kwa mara ya kwanza alidhani ni nyumba ya mtu mmoja. Sivyo. Boma, ambalo Wamaasai huliita enkang', lilikuwa makao ya wazee kadhaa, kila mzee na wake zake, watoto wake na ng'ombe wake. Wengine walikuwa ndugu wa baba mmoja, wengine wakwe, na wengine watu wa rika moja waliopatana tu. Kila mzee alikuwa na mlango wake katika ua wa miiba. Mke wa kwanza alijenga nyumba yake upande wa kulia wa mlango huo, mke wa pili upande wa kushoto. Nasema alijenga, kwa maana nyumba ilikuwa kazi ya mwanamke: yeye ndiye aliyekata fito, akakandika udongo na samadi, na paa ikivuja usiku wa masika, aliyetoka kuiziba ni yeye.

Kabla ya jua kuchomoza wanawake walikuwa wamekwisha kukama. Mume alikuwa na kauli juu ya ng'ombe, lakini maziwa yakiingia kibuyuni yalikuwa ya mke, naye ndiye aliyejua nani apewe na kiasi gani. Kibuyu kilisafishwa kwa kaa la moto la mzeituni wa mwituni, ndiyo sababu maziwa yale yana harufu ya moshi ambayo mtu aliyelelewa nayo haisahau. Kisha mzee alisimama mlangoni akawatazama ng'ombe mmoja mmoja wakitoka, na wavulana wakawafuata malishoni. Watoto wadogo walibaki na ndama karibu na boma.

Sasa fikiri kwamba wewe ni mtoto uliyeletwa kukaa kwa mjomba wako. Ungewaendea wazee ukiinamisha kichwa, nao wangekugusa utosi, kila mmoja kwa zamu. Siku ya pili ungepewa ndama wa kuchunga, na ukimpoteza, mzee yeyote angekukemea bila kumwuliza mjomba ruhusa. Jioni ungekunywa maziwa katika nyumba yoyote uliyoingia. Kwa maoni yangu haki hizo mbili, ya kukemewa na ya kulishwa, haziachani.

Ukarimu huo ulikuwa na sababu yake. Mnamo miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamaasai, ikafuatana na ndui na njaa, na aliyebaki na ndama watatu aliwapata wengine kwa jamaa na marafiki. Zawadi ya mnyama ilibadili hata jina la kuitana: aliyepewa ng'ombe na aliyempa waliitana pakiteng, na kwa kondoo waliitana paker. Urafiki wa namna hiyo huitwa osotua, neno ambalo asili yake ni kamba ya kitovu. Mtu mwenye kamba hizo mahali pengi hakufilisika kwa ukame wa mahali pamoja.

Lakini mpango huo ulihitaji nafasi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wamaasai katika malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia, ikawakusanya kusini. Ukame wa 1960 na 1961 ukaua ng'ombe wengi sana Kajiado, na mafuriko yakafuata. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 iliruhusu ardhi iandikishwe kwa jina la kundi zima, na wazee wengi waliikubali kwa kuogopa wageni wasije wakainunua nchi yote. Miaka ya 1980 makundi hayo yalianza kugawanywa, kila mwenye jina katika daftari akapata kipande chake na hati yake.

Hapo ndipo boma lilipopungua. Mwenye kipande alihamia kwenye kipande, na ndugu waliolala ndani ya ua mmoja wakatenganishwa na seng'enge. Kijana ambaye jina lake halikuandikwa alibaki akimtegemea baba, na mjane alitegemea wema wa shemeji. Sisemi hati haikuwa na faida: wako waliosomesha watoto kwa kuuza ekari chache. Kitengela, iliyo karibu na Nairobi, iliuzwa sana, na leo nyumba za ghorofa zimesimama palipokuwa malisho.

Hata hivyo ng'ombe haelewi hati. Mvua hainyeshi kila kipande kwa usawa, na katika Kajiado wako majirani na ndugu ambao, baada ya kugawiwa, wamepatana tena kulisha pamoja wakati wa kiangazi. Ukame wa 2009 na ule wa 2022 uliwakumbusha wengi habari hiyo. Mara nyingi mapatano hayo ni ya maneno tu, kati ya watu ambao baba zao walikuwa na milango katika ua mmoja.