Maswali ya kawaida kuhusu mimea na vyakula vya GMO

BARAZA la Mawaziri lilipoondoa marufuku ya miaka 10 dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa kijeni, maarufu kama GMO, mnamo Oktoba 3, 2022, maswali mengi yalizuka kote nchini. Mkulima alitaka kujua iwapo mbegu hizo zingempunguzia gharama ya dawa. Mama anayenunua unga dukani naye alitaka kujua angekuwa akiwapikia wanawe nini. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara kwa mara pamoja na majibu yake.

GMO ni nini hasa?

Kila kiumbe hubeba jeni, yaani chembe za urithi zinazoamua sifa zake kama vile kimo, rangi na uwezo wa kustahimili magonjwa. Mmea wa GMO ni ule ambao jeni zake zimebadilishwa na wanasayansi katika maabara ili upate sifa ambayo haukuwa nayo. Mara nyingi jeni inayoingizwa hutolewa katika kiumbe cha aina nyingine kabisa.

Mfano unaojulikana zaidi ni mahindi na pamba ya Bt. Herufi hizo zinatokana na Bacillus thuringiensis, bakteria wanaopatikana udongoni na ambao hutengeneza protini inayoua viwavi. Jeni ya protini hiyo ikiingizwa kwenye mahindi, kiwavi anayetafuna bua au jani hufa.

Je, mahindi chotara ni GMO?

La. Mbegu chotara hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi kwa chavua ya aina nyingine ya mahindi, na wakulima wa Kenya wamezipanda tangu miaka ya 1960. Vivyo hivyo, kuku wa gredi na matikitimaji yasiyo na mbegu si GMO, ingawa wengi hudhani hivyo.

Mimea hii inakuzwa wapi?

Nyanya zilizobadilishwa kijeni ziliuzwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1994. Kuanzia 1996, soya, mahindi na pamba ya GMO ilianza kupandwa kwa wingi. Marekani, Brazil na Argentina ndizo wakuzaji wakubwa zaidi duniani, huku Afrika Kusini ikikuza mahindi ya Bt tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Nchini Kenya, Serikali iliidhinisha pamba ya Bt ikuzwe kibiashara mnamo Desemba 2019. Juni 2021, muhogo uliobadilishwa ili kustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ikiwa ardhini, uliidhinishwa kwa majaribio mashambani.

Kwa nini Kenya ilipiga GMO marufuku?

Septemba 2012, watafiti nchini Ufaransa walichapisha ripoti iliyodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Miezi miwili baadaye, Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo. Wanasayansi wengi waliukosoa utafiti huo wakisema panya waliotumiwa walikuwa wachache mno, na kwamba jamii hiyo ya panya hupata uvimbe hata bila kulishwa GMO. Jarida lililouchapisha liliufutilia mbali Novemba 2013, ingawa waandishi wake waliuchapisha tena kwingineko mwaka wa 2014. Marufuku ya Kenya ilidumu hadi 2022, taifa lilipokumbwa na ukame mbaya zaidi katika muda wa miaka 40.

Je, vyakula hivi ni salama?

Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyo katika soko la kimataifa vimefanyiwa ukaguzi wa usalama, na haielekei kwamba vitadhuru afya. Hata hivyo, shirika hilo linasisitiza kuwa kila chakula kichunguzwe kivyake, kwani usalama wa kimoja si ushahidi wa usalama wa kingine.

Sababu ya tahadhari hiyo ipo. Katika miaka ya 1990, soya iliyotiwa jeni ya kokwa za Brazil ilipatikana kuwa ingewadhuru watu wenye mzio wa kokwa hizo. Mradi huo ulisimamishwa kabla soya hiyo haijafika sokoni. Mwaka wa 2000, mahindi ya StarLink, yaliyoidhinishwa nchini Marekani kwa lishe ya mifugo pekee, yalipatikana katika vyakula vya binadamu, na bidhaa hizo zikaondolewa madukani.

Kuhusu hofu kwamba jeni hizo zitambadilisha mlaji, ni vyema kukumbuka kuwa kila chakula, iwe sukuma wiki au nyama, kina jeni, nazo humeng'enywa tumboni kama sehemu nyingine za chakula.

Mkulima atafaidika?

Inategemea tatizo alilo nalo. Mahindi ya Bt humkinga dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua, na hivyo kupunguza gharama ya kunyunyizia dawa. Hata hivyo, jeni ya Bt haileti mvua wala kurutubisha udongo.

Aidha, wadudu hujifunza. Nchini Afrika Kusini, viwavi walioweza kustahimili mahindi ya Bt waligunduliwa chini ya miaka 10 baada ya mahindi hayo kuanza kupandwa. Ndiyo maana wakulima hutakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa mbegu za kawaida. Burkina Faso nayo ilianza kukuza pamba ya Bt mwaka wa 2008, lakini ikaiacha kufikia 2016 kwa sababu nyuzi zake zilikuwa fupi na bei ikashuka.

Suala jingine ni umiliki. Mbegu nyingi za GMO zina hataza, na mkulima hawezi kuzihifadhi na kuzipanda tena bila idhini. Vilevile, chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo, hivyo shamba la jirani asiyetaka GMO laweza kuathiriwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 ilibuni mamlaka ya kitaifa inayokagua na kuidhinisha GMO. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh20 milioni, kufungwa jela hadi miaka 10, au vyote viwili. Kanuni za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia moja ya GMO kiwekwe lebo. Tatizo ni kwamba mahindi yanayopimwa kwa gorogoro sokoni na kupelekwa kwa kinu cha posho hayana pakiti, seuze lebo.

Mahakama iliamua nini?

Oktoba 2023, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali kesi ya kupinga kuondolewa kwa marufuku. Machi 2025, Mahakama ya Rufaa ilisitisha uagizaji na ukuzaji wa GMO hadi rufaa iliyokuwa mbele yake isikilizwe na kuamuliwa.

Mwananchi afanye nini?

Anayenunua chakula kilichopakiwa asome lebo. Mkulima naye, kabla ya kununua mbegu ya aina yoyote, amuulize afisa wa kilimo maswali matatu: inakabiliana na wadudu gani, itagharimu kiasi gani kila msimu, na iwapo ataruhusiwa kuihifadhi. Mbegu isiyomwondolea tatizo lililo shambani mwake ni hasara, iwe ya GMO au ya kienyeji.