Bunduki, Wazimu na Njia Panda ya Dumila

Dumila ni mji wa njiani. Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma huuvuka Mto Wami pale Dakawa, akaenda tena kitambo, kisha akafika Dumila ambako barabara hugawanyika. Moja yaendelea Gairo na Kongwa hadi Dodoma. Ya pili yakata kushoto kwenda Rudewa na Kilosa. Mabasi husimama, abiria hushuka kujinyoosha, wachuuzi huinua vikapu vyao madirishani, na safari huendelea. Hapana chuo kikuu hapo, wala hapana hospitali ya wagonjwa wa akili. Hata hivyo, asimamaye katika njia panda hiyo akageuka huku na huku, huwa ameelekea mahali ambapo swali la bunduki, wazimu na vijana wa shule limekwisha kuulizwa na kujibiwa kwa damu, zamani kabla halijatufikia kwa televisheni kutoka Marekani.

Tuanze na huko Marekani, kwani ndiko tunakozoea kulisikia. Tarehe 16 Aprili 2007, mwanafunzi mmoja wa chuo cha Virginia Tech aliwaua watu 32 kwa bastola mbili alizozinunua dukani. Mwishoni mwa mwaka 2005 hakimu alikuwa ameamua kwamba kijana huyo ni hatari kwa nafsi yake kwa sababu ya maradhi ya akili, akaamuru atibiwe huku akikaa nje ya hospitali. Amri ile haikupelekwa katika daftari ambalo wauza silaha hulitazama. Basi muuzaji alitazama, asione kitu, akauza. Januari 2008 ilitiwa saini sheria ya kuyajaza madaftari hayo. Tangu wakati ule, kila wanafunzi wanapouawa, Wamarekani hugawanyika makundi mawili: hawa husema tatizo ni silaha, wale husema tatizo ni wagonjwa wa akili. Kundi la pili lina masikio mengi, maana halimwambii mtu mzima mwenye bunduki nyumbani kwamba abadilike. Walakini wataalamu wa huko huko, walipopima, walikadiria kwamba hata kama maradhi makubwa ya akili yangeondoka yote kwa siku moja, ukatili ungepungua kwa asilimia 4 hivi tu. Zilizobaki ni zetu sisi tunaojiita wazima.

Lugha yetu ina jambo la kusema hapa, na msomaji apendaye mashairi hatachoka kulisikia. Wazimu ni ndugu wa mzimu na kuzimu. Mwendawazimu, kwa asili ya neno, si mtu aliyeharibika. Ni mtu aendaye na wasioonekana, aliyekaliwa na kitu kisicho chake. Wazee walimwogopa, ndiyo, lakini walimwuliza pia: umepatwa na nini, na umepatwa wapi? Hospitali zilipokuja tulibadilisha neno kwa jina la mahali. Unguja tukasema fulani ni wa Kidongo Chekundu. Bara wakasema ni wa Mirembe, kwa ile hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927. Mtu akishaitwa kwa jina la hospitali, swali la wazee hukoma. Hatuulizi tena amepatwa na nini. Twajua atakakopelekwa, na hilo hututosha.

Na bunduki nazo zilipita hapa, tena kwa mikono ya pwani. Sisi wa visiwani hupenda kukumbuka karafuu na tende, tukasahau shehena hiyo. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia bara kila mwaka kwa njia ya Unguja na mrima. Nyingi zilikuwa magobore yaliyokwisha kutupwa na majeshi ya Ulaya. Miongo kadhaa kabla ya hesabu hiyo, Kisabengo, Mzigua aliyekusanya watoro na wapiganaji chini ya milima ya Uluguru, alikuwa amejenga mji wenye boma la mawe pale ulipo Morogoro wa leo, akawatoza misafara ya pwani. Stanley aliuona mji huo mwaka 1871, ukijulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuja kuzuia biashara ya silaha mpya katika sehemu kubwa ya Afrika. Wengi huutaja kuwa ulikusudiwa kuikomesha biashara ya utumwa, na ni kweli, lakini papo hapo ulihakikisha kwamba mwenye bunduki nzuri atakuwa Mzungu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya bunduki tuliyowekewa. Haikuuliza habari za akili ya mtu. Iliuliza rangi yake.

Sasa tugeuke nyuma, kule tulikotoka, kwenye viunga vya mji wa Morogoro. Hapo pana Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge lililoachwa, ambalo serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC mwaka 1977. Sababu ya kupewa ilikuwa wanafunzi kupigwa risasi. Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa Soweto waliwafyatulia watoto wa shule waliokuwa wakiandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Machafuko yakaenea nchi nzima, waliokufa wakawa mamia. Maelfu ya vijana walivuka mipaka. Wengine walitaka bunduki, wakapelekwa kambini. Wengine walikuwa wadogo mno, au walitaka kwanza kumaliza masomo, na hao walihitaji shule. Ndiyo asili ya skuli ya Mazimbu. Watu husema juu ya shule zilizopatwa na risasi. Hii ilizaliwa na risasi.

Miongoni mwa waliochagua bunduki alikuwa Solomon Mahlangu, mzaliwa wa 1956, kijana wa Mamelodi karibu na Pretoria. Juni 1977 alirudi nchini kwa siri pamoja na wenzake wawili, wamebeba silaha na vikaratasi vya chama. Tarehe 13 mwezi huo, mjini Johannesburg, mfuko mmoja ulishikwa na polisi, bunduki ikaonekana, wakatawanyika. Mmoja aliponyoka. Mahlangu na Mondy Motloung walikimbilia ghala moja katika mtaa wa Goch, na humo risasi zikalia. Raia wawili weupe, ambao hawakuwa na silaha, waliuawa, na wengine wawili wakajeruhiwa. Aliyefyatua ni Motloung. Jambo hilo halikuwa siri. Mahakama yenyewe ililikubali.

Hapa ndipo kisa kinapoingia katika mazungumzo yetu. Motloung alipigwa vibaya mno katika kukamatwa kwake, ubongo ukaumia, na madaktari wakasema akili yake haiwezi tena kufuata kesi. Mtu asiyefahamu anachoshtakiwa hashtakiwi. Ni kanuni ya zamani, na ni kanuni ya haki. Lakini dola ilitaka kichwa. Ikamwendea aliyebaki na akili zake. Kwa sheria ya nia ya pamoja, Mahlangu alihesabiwa kuwa muuaji kama mwenzake, ingawa hakumpiga mtu risasi. Alitiwa hatiani Machi 1978, na tarehe 6 Aprili 1979 akanyongwa Pretoria, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huo huo skuli ya Mazimbu ikapewa jina lake.

Kisa hiki sikitaji kwa sababu kinamsafisha yeyote. Watu wawili waliokuwa ghalani walikufa, nao walikuwa na jamaa zao. Nakitaja kwa sababu kinalipindua swali la Wamarekani miguu juu. Wao huuliza: je, wazimu ndio ulioifyatua bunduki? Katika mtaa wa Goch akili ilivunjika baada ya risasi kulia, mikononi mwa wazima. Kisha ule wazimu uliotengenezwa kwa kipigo ukawa ndio unaoamua nani afe kwa kitanzi. Aliyefyatua alikingwa na ugonjwa aliotiwa; asiyefyatua aliuawa na uzima wake.

Na Mazimbu ilipojaa, mwaka 1982 serikali iliwapa ANC ardhi nyingine Dakawa, pale pale tulipovuka Wami, nusu saa ya gari kabla ya Dumila. Dakawa palikuwa tambarare la upepo na majani. Waliopelekwa huko wengi walikuwa wageni waliofika karibuni, wakingoja nafasi ya shule au kazi. Waandishi wa historia ya skuli hiyo hawakuficha kwamba pamoja na mashamba, karakana na kwaya, palikuwa na vijana waliozongwa na huzuni, ulevi na maradhi ya akili. Itakuwaje kusiwe? Mtoto wa miaka 15 amemwona mwenziwe akianguka barabarani, amevuka mpaka usiku bila kumuaga mamake, hapati barua, hajui atarudi lini. Mazimbu ilijengewa hospitali kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi, lakini dawa ya ndoto za usiku ni adimu hata leo. Mswahili angesema vijana hao wamepatwa. Angekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko atakayesema ni hatari.

Turudi Dumila, tuifuate ile njia ya kushoto. Mwendo si mrefu kufika Rudewa. Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilivamiwa na wafugaji wa Kimaasai, wakauawa watu 38, wengi wao wanawake na watoto. Kabla yake palikuwa na mifugo iliyoingia mashambani, na ng'ombe waliokamatwa na walinzi wa jadi wa wakulima, na malalamiko ya pande zote mbili kwamba aliye na fedha ndiye anayesikilizwa na wakubwa. Msiba huo uliandikwa, ukachunguzwa, ukajadiliwa kwa miaka. Yalitajwa malisho, maji, mipaka ya vijiji, rushwa. Wazimu haukutajwa, na ni sawa haukutajwa. Ila angalia tofauti. Watu wengi wakiua pamoja twasema ni mgogoro, tunatafuta chanzo chake. Mtu mmoja akiua peke yake twasema ni kichaa, na chanzo hatukitafuti.

Tulifanya hivyo hivyo tarehe 25 Agosti 2021, pale mtu mmoja alipowaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, akachukua silaha za askari, akaendelea kufyatua hadi alipouawa. Kabla jua halijazama watu walikuwa wakibishana kama alikuwa mgonjwa wa akili. Polisi baadaye walisema alikuwa gaidi. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini kazi yake mitaani ilikuwa moja: kumtoa yule mtu kati yetu, awe wa Mirembe au awe wa nje. Kenya, ambako tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi, hawakuwa hata na nafasi ya kubisha. Al-Shabaab walijitaja wenyewe. Wale walikuwa na akili timamu, walipanga, waliwatenga wanafunzi kwa dini zao. Daftari lolote la wagonjwa lisingewazuia.

Sheria zetu zipo. Sheria ya Afya ya Akili ni ya mwaka 2008. Ya kudhibiti silaha na risasi ni ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na miongoni mwa masharti yake ni kuwa mwombaji awe na akili timamu. Ni sharti jema. Lakini linamfikia aendaye kuomba. Halimfikii fundi wa kijijini afuaye gobore kwa bomba la chuma, wala mwindaji wa porini amnunuliaye, wala mtu anayempora askari. Mimi ningeona afadhali tuanze na bunduki, maana bunduki huhesabika na hufungiwa kabatini, ilhali moyo wa mtu hauna leseni. Wala sipendi daftari la wagonjwa liwe ndilo lango la usalama wetu, kwa sababu moja iliyo wazi: mgonjwa akijua kwamba kwenda kwa daktari ni kuandikwa miongoni mwa wauaji wa kesho, hataenda.

Njia iliyobaki ni ile ya mbele. Kutoka Dumila barabara hupanda kwenda Gairo, hupita karibu na Kongwa, ilikokuwa kambi ya kijeshi ya wapigania uhuru tangu mwaka 1964, kisha hufika Dodoma, Mirembe ilipo. Huko pia pana Isanga, ambako mahakama huwapeleka watuhumiwa wa mauaji ili wapimwe akili. Gari la magereza litokalo Morogoro hupita Dumila kama gari jingine lolote.

ANC walikabidhi Mazimbu kwa serikali ya Tanzania Julai 1992, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makaburi ya Waafrika Kusini waliofia ugenini yapo hapo, lakini la Mahlangu halimo; alizikwa Atteridgeville, na tarehe 6 Aprili 1993 mifupa yake ikahamishiwa kwao Mamelodi. Motloung hakusimama kizimbani kwa mauaji ya mtaa wa Goch.