Raundi Tatu za Mwisho: Salvador Sánchez na Kipimo cha Ubingwa

Salvador Sánchez alifariki tarehe 12 Agosti 1982 katika ajali ya gari kwenye barabara kuu ya Querétaro kwenda San Luis Potosí, nchini Meksiko. Alikuwa na umri wa miaka 23, na mkanda wa uzani wa unyoya wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) ulikuwa bado mikononi mwake. Tangu siku hiyo wengi wanaomwandika huishia kukisia: angepanda uzani gani, angempiga nani, angetetea mkanda mara ngapi. Huzuni hiyo naielewa. Hata hivyo inamdhulumu, kwa sababu inamfanya aonekane kama mtu aliyekufa kabla ya kuifanya kazi yake, ilhali kazi yenyewe ipo na inapimika. Na mahali pa kuipimia ni raundi ya 13 hadi ya 15.

Sánchez alizaliwa mwaka 1959 huko Santiago Tianguistenco, akaingia ngumi za kulipwa akiwa na miaka 16. Katika mapambano 46 alishindwa mara moja tu, na Antonio Becerra mwaka 1977, walipogombea ubingwa wa taifa wa uzani wa bantam. Tarehe 2 Februari 1980, mjini Phoenix, alimvua Danny Lopez ubingwa wa dunia katika raundi ya 13, kisha akautetea mara tisa. Kati ya mapambano hayo kumi ya ubingwa, yaliyopangwa kwa raundi 15, manane yalivuka raundi ya 12. Lopez alisimamishwa katika raundi ya 13, na waliporudiana mwezi Juni mwaka huohuo, katika ya 14. Azumah Nelson alisimamishwa katika ya 15. Wapinzani wengine watano, Castillo, Ford, Laporte, Cowdell na Garcia, walifika mwisho na kushindwa kwa pointi. Cowdell, aliyembana hadi majaji wakagawanyika, aliangushwa katika raundi ileile ya mwisho.

Huko si kubahatisha. Sánchez alikuwa bondia wa kujibu. Alisimama wima, miguu ikimweka hatua moja nje ya konde la mpinzani, akamwacha arushe, akose, kisha yeye aingie kabla mwenzake hajarudisha mkono. Taswira iliyozoeleka ya bondia wa Meksiko ni ya mtu anayesonga mbele bila kurudi nyuma huku akichimba mbavu kwa mkono wa kushoto. Sánchez haingii humo. Namna yake ya kupigana ilihitaji muda. Kila raundi ilimfundisha jambo juu ya mtu aliye mbele yake, na pumzi zake zilimruhusu kulitumia somo hilo wakati mwenzake amekwisha choka.

Pambano dhidi ya Wilfredo Gómez, Las Vegas, tarehe 21 Agosti 1981, linaonekana kwenda kinyume na hoja hii. Gómez wa Puerto Rico alikuja hajashindwa, na ushindi wake wote 32 ulikuwa wa kumaliza mpinzani kabla ya muda. Kengele ilikuwa haijapoa alipokwenda chini katika raundi ya kwanza. Lakini tazama kilichofuata. Gómez alisimama akapigana kwa ushujaa mkubwa, na Sánchez hakumkimbilia ili amalize mapema. Aliendelea kujibu, konde kwa konde, uso wa Gómez ukavimba hadi macho yakaanza kufunga, na mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya nane. Ni mwendo uleule aliompigia Lopez, ila safari hii mpinzani alimfuata mwenyewe na kuufupisha.

Tarehe 13 Novemba 1982, miezi mitatu baada ya kifo cha Sánchez, Duk Koo Kim wa Korea Kusini aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 na kufariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa hadi raundi 12. Uamuzi ulikuwa sahihi, wala sitetei raundi 15 zirudi. Hakuna ufundi unaostahili maisha ya mtu. Ila mwanahistoria lazima aone kwamba chini ya kanuni mpya ushindi wa Sánchez dhidi ya Lopez, mara zote mbili, na dhidi ya Nelson ungeachwa kwa majaji. Atakayepinga akisema kwamba bingwa makini angebadili mwendo ili kufaa raundi 12 ana hoja. Lakini mwendo alioupanga kwa raundi 15 ndio tulionao kama ushahidi.

Ushahidi mwingine uko kwenye orodha ya mkanda wenyewe. Lopez aliutwaa Accra mwaka 1976 kutoka kwa David Kotey wa Ghana. Baada ya Sánchez ulikwenda kwa Juan Laporte mwaka 1982, Gómez akamnyang'anya Machi 1984, na Desemba mwaka huo Nelson akamshinda Gómez kwao San Juan na kuurudisha Ghana. Nelson huyo ndiye aliyeitwa New York Julai 1982 kuziba nafasi ya mpinzani mwingine, akiwa hajulikani sana nje ya Afrika, akampa Sánchez usiku mgumu kuliko ilivyotarajiwa. Lopez aliyemtangulia, na watatu waliomfuata kwenye kiti hicho: Sánchez alikuwa amekwisha kuwapiga wote wanne.