Viazi vitamu vya Lemera: mbegu isiyowekwa gunia

Huko nje, jina la Lemera linajulikana kwa vita. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, iliyokuwa ikiongozwa na daktari Denis Mukwege, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwezi huohuo yakafuata makubaliano ya kuunda AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, nayo yakaitwa makubaliano ya Lemera. Hayo yameandikwa vitabuni. Kisichoandikwa sana ni kwamba Oktoba ni mwezi wa kupanda. Mvua inakuwa imeanza Septemba, na watu walikimbia wakati ambapo kamba za viazi vitamu zinapaswa kuwa zinaingia kwenye matuta.

Kiazi kitamu si mzaliwa wa milima hii. Asili yake ni Amerika, na meli za Wareno zilisaidia kukifikisha Afrika baada ya karne ya 15. Kutoka pwani kilipita mkono kwa mkono mpaka ndani ya bara. Mwaka 1858, wakati Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi, zao hili lilikuwa limeshazoeleka kando ya Ziwa Tanganyika. Kwenye miinuko ya Bafuliiru, ambako hewa ni ya wastani, si joto la tambarare ya Ruzizi wala baridi kali ya juu milimani, lilipata mahali pazuri.

Wabelgiji nao walileta kilimo cha lazima. Kuanzia mwaka 1917 sheria iliruhusu serikali kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao iliyoyachagua. Lakini bustani iliyo karibu na nyumba ilibaki hasa mikononi mwa akina mama, na humo kiazi kilikaa pamoja na maharagwe, lengalenga na ndizi.

Nguvu ya kiazi ni haraka yake. Muhogo unaweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi kabla ya kuvunwa. Kiazi huanza kuliwa baada ya miezi minne au mitano, na kwenye baridi huchelewa kidogo. Kabla ya hapo mama ameshachuma matembele kwa mboga. Ugonjwa wa batobato ulipoharibu muhogo mashariki mwa Kongo miaka ya 2000, na mnyauko ukashambulia migomba ya Kivu, nyumba iliyokuwa na viazi ilikuwa na cha kupika.

Udhaifu wake nao uko palepale. Mahindi na maharagwe mtu huweka mbegu kwenye gunia, akikimbia anabeba kilo mbili. Mbegu ya kiazi ni kamba mbichi. Ikikatwa, ndani ya siku chache inakauka. Nyumba ikiachwa kiangazi kizima, mbuzi wanakula, jua linamaliza. Hivyo vita haichukui mavuno tu, inaweza kufuta hata aina ya kiazi iliyotunzwa na bibi na mama yake.

Kinachookoa ni ujirani. Kamba hupeanwa bure. Aliyebakiwa na mstari mmoja bondeni, karibu na maji, anaweza kurudishia mtaa mzima mbegu ndani ya misimu miwili.

Siku hizi kuna pia viazi vya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A inayolinda macho ya watoto. Watafiti waliovieneza Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Ni vizuri kuvipanda, lakini si kwa kung'oa vyote vya zamani.

Kwa bustani ya Lemera, historia hiyo inafundisha mambo matatu. Juni, kabla ya ardhi kukauka, hamishia kamba chache bondeni. Chagua zisizo na majani yaliyojikunja au kudumaa, maana kamba hubeba ugonjwa. Na nyingine mpe ndugu wa kijiji kingine, ili siku ya kurudi kuwe na mahali pa kuomba.