Baraza la Kata: Miaka 40 ya Kuketi na Wagombanao

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza mjini kuelekea Shinyanga. Jiji limeifuata huko huko, nyumba zikapanda mpaka katikati ya mawe. Palipokuwa mashamba sasa ni viwanja, na mpaka uliokuwa ukionyeshwa kwa mstari wa minyaa sasa unaonyeshwa kwa bikoni. Mtu akiamka asubuhi akakuta jirani amechimba msingi upande wake, hakimbilii mahakamani. Huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, na akishindwa huyo, jambo hupanda hadi Baraza la Kata.

Baraza hilo lilizaliwa na Sheria Na. 7 ya 1985, iliyoagiza kila kata ya Tanzania Bara iwe nalo. Mwaka 2025 lilitimiza miaka 40, umri unaostahili kukumbukwa, maana ni chombo cha haki kilichokaa karibu sana na mwananchi.

Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Usukumani mtemi aliamua mashauri akiwa na wazee wake, banamhala. Ng'ombe wa fulani akila mahindi ya jirani, kwao lilikuwa jambo moja lenye dawa moja: fidia, kisha kupatana. Waingereza waliyaacha mabaraza hayo ya watemi yakaitwa mahakama za wenyeji, na kwa sheria ya 1929 wakazitenga na Mahakama Kuu, hivyo aliyeonewa akakata rufaa kwa maofisa wa utawala, wala si kwa majaji. Baada ya Uhuru utengano huo ulivunjwa. Utemi ukafutwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata Mahakama za Mwanzo zikaanza kazi zikiwa chini ya Mahakama Kuu kama mahakama nyingine zote. Kwangu mimi, katika historia nzima ya sheria nchini hakuna hatua iliyozidi hiyo kwa uzito.

Pengo lililobaki ni la ugomvi mdogo wa majirani. Mwaka 1969 yakaundwa mabaraza ya usuluhishi, wajumbe wake wakiteuliwa na tawi la chama cha TANU. Mabaraza ya Kata ndiyo yaliyoyarithi. Wajumbe ni wakazi wenyewe; sheria ya migogoro ya ardhi ya 2002 ilitaka wawe kati ya 4 na 8, wanawake wakiwa angalau 3. Wakili haruhusiwi. Kazi ya kwanza ambayo sheria ya 1985 ilililetea Baraza ni kutafuta amani na maelewano, ingawa liliachiwa pia makosa madogo ya jinai. Jinai nzito haikuwa yake kamwe: mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, unyang'anyi wa kutumia silaha na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Ngazi iliyo juu ya kata, Mahakama ya Mwanzo, ilionyesha uzito wake katika shauri moja lililotoka ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mwanamke wa Kihaya wa Muleba alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza. Mpwa wake akapinga: kwa mila, mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Rufaa ikavuka hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi, na mwanamke anaweza kuuza ardhi hiyo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Jina la shauri hilo, Ephrahim dhidi ya Pastory, linajulikana sana kwa wanafunzi wa sheria nchini. Lakini lilianza kwa hakimu wa chini kabisa, juu ya kipande cha shamba.

Mwaka 2002 Baraza la Kata lilipewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Hapo ndipo lilipoanza kuelemewa. Hukumu nyingi zilifutwa kwenye rufaa kwa sababu akidi haikutimia au majina ya wajumbe hayakuandikwa, na wagomvi wakarudishwa mwanzo baada ya miaka ya kusubiri. Marekebisho ya 2021 yaliondoa uwezo huo. Sasa katika migogoro ya ardhi Baraza husuluhisha tu, kwa siku 30; likishindwa hutoa hati, na mdai huenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wapo wanaosema Baraza limenyang'anywa meno. Nawaelewa, kwa kuwa mwenye shida ndogo sasa huongezewa safari na gharama. Hata hivyo naona limerudishiwa kazi liliyozaliwa nayo, kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya vizuri. Hakimu hujua sheria. Wajumbe wa Mkolani wanajua nani alipanda minyaa ile, mwaka gani, na wazee gani walikuwepo siku mpaka ulipopimwa kwa hatua.