Nokia 5800: muziki safi, kugusa kwa shida

Wadau, leo turudi nyuma kidogo. Oktoba 2008 Nokia ilitangaza 5800 XpressMusic, simu yake ya kwanza ya S60 yenye skrini ya kugusa. iPhone ilikuwa imeitangulia kwa zaidi ya mwaka.

Kwa muziki sina ubishi nayo: spika mbili, redio ya FM, tundu la milimita 3.5 la kuchomeka hedifoni yoyote ya sokoni, na memori kadi ya GB 8 ndani ya boksi. Huku Kagio kadi ndiyo ilikuwa mpango mzima. Ulimpelekea kijana mwenye kompyuta, akakujazia nyimbo za Kamaru na De'Mathew, ukaenda zako. (Msanii hakuona hata shilingi, tusifichane.)

Udhaifu? Skrini ilitaka kubonyezwa kwa ukucha, si kupapaswa. Kwenye orodha uligusa mara mbili, kwingine mara moja. Ilikuwa Symbian ileile ya vitufe, imevishwa kioo. Nasi waandishi wa programu tulidaiwa cheti kabla simu haijaikubali kazi yetu. Februari 2011 Nokia ikatangaza kuhamia Windows Phone, na C++ ya Symbian niliyoisotea ikakosa soko.